Boliti za Venture

Berea, Johannesburg
19 Februari 2017

Shemeji Bertrand,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, nikianza na Mama, ambaye simtaji zaidi ya hapo kwa sababu mkwe hatajwi ovyo. Huku tuko wazima. Nasema "tuko" kwa mazoea tu, maana niko peke yangu. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya nne, lifti ni ile ile iliyokufa kabla sijahamia, na pazia nililotundika Mama alipokuja kumwogesha mtoto bado linaning'inia katikati ya chumba. Sijui sasa linamficha nani.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu huipokei, na ya Gaëlle umeizima. Barua hii inaletwa na Khatibu, Mtanzania wa malori ya shaba, ambaye hupanda Lubumbashi na kushuka kila anapopata mzigo. Yeye hana ugomvi na mtu. Jibu lako mpe huyo huyo.

Neno langu ni moja. Mke wangu Gaëlle na binti yangu waliondoka na Mama mwezi wa kwanza, "kumsindikiza", ndivyo ulivyosema wewe, "wiki mbili". Wiki mbili zimekwisha zamani. Nataka warudi. Inès alipanda basi pale Park Station akiwa amelala mgongoni kwa mama yake, hakuniona hata nikipunga mkono. Je, ameanza kugeuka mwenyewe kitandani? Nijibu hata hilo tu.

Najua unachonishikia. Ni gari. Nakuambia kama nilivyomwambia Gaëlle: kazi niliyoifanya kwenye gari lile niliifanya kwa akili timamu, na iliyobaki haikuwa tena mikononi mwangu. Zaidi ya hapo sina. Ukitaka kunihukumu, nihukumu mimi, mtoto mwache.

Mume wa dada yako,
Placide


Katuba, Lubumbashi
2 Aprili 2017

Bwana Placide,

Hujambo. Umesalimiwa, usije ukasema hukusalimiwa.

Mama anakohoa. Anakohoa tangu Novemba na unajua alikokipata kikohozi hicho. Mvua imeangusha ukuta wa nyuma wa gereji yangu, mafundi wanafanya kazi kwenye matope, lakini kazi inaenda. Léocadie, mke wangu, alinishauri nisikujibu. Nakujibu kwa sababu mimi si mtu wa kukimbia swali, tofauti na wengine.

Unaandika "gari" halafu unaruka. Ngoja nikae hapo hapo unaporuka. Ulilalamika kwamba Venture yako inavuja oili, kwamba msimamizi wa jengo anataka livutwe kwa sababu ya doa uani. Nikakuonea huruma. Nikatafuta gasketi ya sampu, nikampa mama yangu mzee aibebe kwenye sanduku lake safari nzima ya basi, ili wewe ukae uani kwako ubadilishe. Na kubadilisha gasketi ya sampu si kazi ya kumshinda mtu. Unamwaga oili, unafungua boliti, unashusha lile bakuli la chini ya injini, unakwangua gasketi ya zamani, unaweka mpya, unarudisha, unakaza. Unakaza, Placide. Ni neno hilo la mwisho lililokushinda. Ulirudisha boliti zote kwa vidole, ukaziacha zikicheza kwenye matundu yake, ukaenda zako kazini.

Kesho yake asubuhi Pitchou, jirani yako, akakuta kopo la oili kwenye kiti. Akadhani ndicho kitu pekee kilichobaki, akaimimina, akalishusha gari kwenye matofali, akawapakia Mama na Gaëlle na mtoto kwenda Diepsloot, siku ya kumtoa mtoto kanisani. Oili yote ikamwagika njiani. Injini ikanoki baada ya taa za barabarani za mwisho za Fourways, moshi ukajaa ndani, wakashuka, na waliposhuka mvua ya mawe ikaanza. Mama yangu, mwanamke ambaye marehemu baba hakuwahi kumwinulia sauti, aliokotwa na Mzungu wa mboga, akapandishwa nyuma ya bakkie, pikapu yake ya mboga, akafika kanisani amekaa juu ya kabeji.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Hupiti mbele yake, huli anapokuona, humtazami usoni, hulali chali penye miguu yake. Ninyi wa Kalemie labda mnacheza karata na wakwe zenu. Sisi hatuchezi.

Gaëlle alikuuliza kabla hajaondoka: kwa nini uliziacha boliti bila kukaza? Alikuuliza kwa upole, akakuuliza kwa kulia. Ukamtazama tu. Mtu aliyesahau husema nilisahau. Aliyelewa husema nililewa. Wewe ulinyamaza, na anayenyamaza ana kitu anachokificha. Ndiyo maana dada yangu yuko kwangu, si kwa sababu ya injini.

Sharti letu, mimi na yeye, ni moja. Andika sababu. Sentensi moja inatosha. Ikikaa sawa watapanda basi, isipokaa sawa hawapandi. Bila sentensi hiyo usimtume tena Khatibu kwangu.

Bertrand


Berea
28 Mei 2017

Shemeji,

Khatibu alinipa barua yako huku anaigeuzageuza. "Shemeji yako kaandika kwa nyundo nini? Mbona karatasi imetoboka?" Nikamwambia ndivyo anavyoandika mtu aliyezoea kufungua vyuma vya wenzake.

Nampa Mama pole ya kikohozi, na pole hiyo ni ya kweli, hata kama itapitia mdomoni kwako. Huku baridi imeingia, ile kavu inayopasua midomo. Victorine wa saluni ya chini anamsalimu Gaëlle. Kiti chake cha kusukia hajampa mtu.

Unanisomea mimi sheria za ukwe? Wewe una nyumba yenye uwanja na milango miwili. Mimi nina chumba kimoja, Bertrand, na Mama alikaa humo tangu siku Inès alipozaliwa hadi siku walipoondoka. Nilikula kwenye ngazi, sahani mapajani, watu wakinipita na ndoo za maji. Nilioga kazini Hillbrow, kwenye choo cha walinzi. Nikitoka zamu asubuhi nilipiga mluzi uani ili Gaëlle amwambie Mama akae nyuma ya pazia, ndipo nipite kichwa chini, nichukue shati, nitoke. Mchana nililala kwenye Venture, vioo nusu. Watoto wa jengo wakanibatiza Baba Venture, wanaliita jina hilo hadi leo. Sikulalamika kwako hata siku moja, na silalamiki sasa. Nakuonyesha tu kwamba sheria hiyo niliishika kuliko unavyojua.

Na kwa nini Jumapili ile aliendesha Pitchou? Kwa sababu sikai gari moja na mkwe wangu. Ningekuwa huyo mcheza karata wa Kalemie unayemdhani, ningeendesha mwenyewe, na taa nyekundu ya oili ilipowaka ningesimama. Pitchou hakusimama. Nilipomuuliza alinijibu, "Eish, grand, ile taa inawakaka siku yote, nilizani njo tabia yake."

Mimi nilikuwa nirudi kabla wao hawajatoka. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi alichelewa, na simu za walinzi hufungiwa kabatini hadi tupokewe. Ibada nayo ilikuwa imesogezwa mapema bila mimi kuambiwa. Haya yote Gaëlle anayajua.

Gasketi yako sasa, kwa kuwa umeitaja kama zawadi ya mfalme. Ilifika imekunjwa mara nne kama leso. Ilikuwa na mikunjo ambayo haikunyooka hata nilipoilaza chini ya godoro. Ilinibidi niipake silikoni pande zote mbili ndipo ikubali kukaa. Fundi mwenye gereji anakunja gasketi ya sampu? Na kwa taarifa yako, hata spana yangu namba kumi, ya boliti zile zile, iliibiwa uani siku hiyo hiyo. Jengo hili lina watu wake.

Sentensi unayoitaka ninayo. Imekaa kichwani kamili, na nukta yake. Siiandiki. Ina mtu ndani yake, na mtu huyo si mimi.

Inès ameota jino? Nilikuuliza mara ya kwanza habari zake, ukanijibu kabeji.

Placide


Katuba
20 Agosti 2017

Bwana Placide,

Lori la Khatibu lilikwama mpakani Kasumbalesa, ndiyo maana barua yako imechelewa. Hata ingechelewa zaidi, nisingelalamika.

Nimeisoma nikitafuta sababu. Nimekuta ngazi, ndoo, mluzi, taa, kabati, godoro. Sababu sikuikuta. Halafu mwishoni ukajifunga mwenyewe: "ina mtu ndani yake". Asante. Sasa tunajua kuna mtu. Nilimsomea Gaëlle mstari huo mara mbili. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani?" na mimi nakuuliza hivyo hivyo. Mwanamke gani huyo aliyekuita ukaacha boliti kwenye vidole? Anakaa Hillbrow au ni wa hapo hapo jengoni?

Mlinzi aliyeibiwa spana. Hilo nimewasimulia mafundi wangu, na wamenishukuru.

Mama haendi tena sokoni. Anakaa barazani na kikohozi chake na hataki kusikia jina lako likisemwa vibaya. Sijui kwa nini. Nadhani ni uzee.

Mwezi wa kwanza ukoo utakaa. Mjomba Gustave anakuja kutoka Likasi. Usipoandika sababu kufikia hapo, Gaëlle atakuwa huru, na mtoto atakuwa wa nyumba hii. Habari zake si zako hadi siku hiyo, kwa hiyo acha kuuliza meno.

Bertrand


Berea
15 Oktoba 2017

Shemeji,

Leo Inès anatimiza mwaka. Nimenunua keki ndogo, ile ya kukatwa na mtu mmoja, nikampa nusu Pitchou. Anawasalimu. Tangu siku ile haendeshi gari la mtu.

Msimamizi wa jengo amelivuta gari mwezi uliopita. Lilikuwa limesimama juu ya matofali tangu lilipokokotwa kurudi uani Novemba, na hatimaye uvumilivu wake ulikwisha. Nilikuwa kazini. Limekwenda kwa watu wa vyuma chakavu, na hilo sitalisema tena.

Nina hasira na wewe, Bertrand, naisema wazi ili isikusumbue kuitafuta. Umemwambia mke wangu nina mwanamke. Umemsomea mstari mmoja wa barua ukaacha mingine. Mwanamke unayemtafuta hayupo Hillbrow wala jengoni, na ukiendelea kumtafuta utaaibika wewe, si mimi.

Unasema kazi ya sampu haimshindi mtu. Sawa. Nitakuandikia kazi ile nzima, umpe fundi wako yeyote aisome, aniambie nilipokosea. Ilikuwa Jumamosi. Nilipandisha gari kwa jeki, nikaliegemeza kwenye matofali, nikamwaga oili kwenye beseni. Nilifungua boliti zote, nikashusha sampu, nikakwangua gasketi ya zamani kwa kisu, nikasugua kwa msasa, nikaosha kwa petroli, nikakausha. Nikapaka silikoni, kwa sababu ya mikunjo yako. Nikaweka gasketi, nikapandisha sampu, nikazirudisha boliti kwa vidole nikianzia katikati. Silikoni haikazwi mbichi, ukikaza hukamuliwa nje yote. Unaiacha kama saa moja ishike, ndipo unarudi na spana, unakaza kwa kupishana. Oili unaiweka baadaye. Ndiyo maana kopo lilikuwa kwenye kiti.

Nikatoka chini ya gari ili nisubiri ile saa moja. Kisanduku cha vyombo nilikifunga, spana namba kumi nikaiacha juu ya gunia kando ya tairi la mbele, kwa kuwa nilikuwa narudi. Nikaenda spaza ya kona kununua mkate na maziwa. Nilipotoka dukani sikurudi chini ya gari. Ninapoandika "sikurudi" usisome "sikutaka". Nilisimama pale kona na overoli yangu, mkate mkononi, hadi jua likaenda nyuma ya mnara wa Ponte na zamu ikaniita. Asubuhi nilikuta uwanja mtupu. Hakuna gari, hakuna spana, kuna mstari wa oili hadi getini.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Kwa nini sikurudi hakuandikiki, si kwako, si kwa Gaëlle. Nikilisema, nitakuwa nimemnyooshea kidole mtu ambaye mkono wangu hauruhusiwi kumnyooshea. Kaeni hicho kikao chenu. Mwiteni Gustave, mwiteni na anayemfuata. Nitapoteza mke na mtoto, na nakuambia inaniuma kiasi kwamba siku nyingine nasahau kushuka ghorofa ya kazini hadi waniite kwa redio. Lakini hilo silisemi.

Nakuomba kitu kimoja tu, na sijawahi kukuomba kitu. Barua hii usimsomee Mama.

Placide


Katuba
21 Januari 2018

Shemeji,

Salamu zako. Nyumba nzima ni wazima, kikohozi kimepungua tangu mvua zilipoanza, ambalo si jambo la kawaida, na daktari hana maelezo. Ukuta wa gereji umesimama. Léocadie anakusalimu, na hii ni mara ya kwanza.

Uliandika "usimsomee Mama". Nikajua hapo ndipo penye uoza. Niliificha barua hiyo kabatini, nikangoja kikao, na siku ya kikao niliisoma kwa sauti mbele ya wajomba wote, Mama akiwa kwenye mkeka wake mlangoni. Nilitaka kila mtu asikie umekosa jibu. Nilisoma msasa, nikasoma petroli, nikasoma mikunjo kwa haraka kidogo. Nilipofika "sikurudi chini ya gari", Mama akainua mkono.

"Rudilia pale."

Nikarudia.

"Ilikuwa siku ya posho? Ile mbele ya kuenda kanisa?"

Nikasema ndiyo, Jumamosi. Kisha akasema, na ninayaandika kama yalivyotoka:

"Njo miye nilikuwa pale. Nilishuka na manguo ya mutoto kuanika. Nikaona kisanduku chake na kile chuma pa gunia, mutu hakuna. Pale batu banaibaka hata sabuni. Kumwita siwezi, ni mukwe. Kuenda nivyache, bataiba. Nikavuta kreti ya soda, nikaikala karibu na gari, nikasema nitachunga mpaka akuje. Niliona viatu vyake kule pa kona. Sikuinua macho. Nikasema anapumuzika."

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye alikaa pale akikulindia vyombo, akingoja urudi ndipo aondoke. Wewe ulisimama kona ukingoja aondoke ndipo urudi. Kulala chali miguuni pa mkwe hukuweza. Mimi mwenyewe nilikuandikia sheria hiyo kwa mkono wangu, nikidhani nakufundisha.

Nikasema, basi Placide angempigia Gaëlle simu amwite mama yake juu. Mama akanigeukia. "Amwambie nini? Mama atoke? Mukwe hafukuzaki mukwe."

Kisha akamwambia Gaëlle alete sanduku, lile lile alilorudi nalo. Chini kabisa, ndani ya taulo la mtoto, ilikuwemo spana yako namba kumi. Giza lilipoingia na wewe hujaja, kisanduku alikiingiza garini, spana akaichukua isiibiwe, akakusudia ampe Gaëlle akupe. Kesho yake ikawa kabeji na mvua ya mawe, ikasahaulika. Imekaa mwaka mzima chini ya kitanda kwenye nyumba ambayo mimi nilikuwa nawachekesha mafundi kwa habari ya kuibiwa kwake.

Mjomba Gustave, aliyetoka Likasi kuja kukuvunjia ndoa, alicheka hadi akatoka nje kushika ukuta. Mimi sikucheka. Nina hasira kuliko mwaka jana. Katuba nzima nimewaambia wewe ni mlevi na malaya, na muda wote huo ulikuwa na jibu mfukoni. Ungeniandikia. Mimi si mkwe wako, mimi ni shemeji yako, kwangu hukuwa na haya ya kuogopa. Uliniacha niaibike mwenyewe mbele ya ukoo, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nadhani ulijua nitaaibika. Hilo sikusamehi upesi.

Saa moja ya silikoni ni kweli. Fundi wangu amethibitisha, ingawa hakuna aliyemuuliza. Na gasketi niliikunja mimi, kwa sababu sanduku lilikuwa dogo. Usijenge nyumba juu ya hilo.

Gaëlle alipowasikia wajomba wamemaliza aliingia ndani akaanza kukunja nguo. Yuko tayari kupanda basi hata kesho. Karatasi za mtoto ndizo zinazotuchelewesha, lakini Pasaka ikipita watakuja.

Unauliza meno tangu mwaka jana. Ana manne juu na manne chini. Anatembea, anaanguka, anaamka bila kulia. Ukimtafuta, yuko gereji. Anapenda pale.

Mama hakutumii salamu, maana mkwe hatumiwi salamu. Anakutumia spana.

Bertrand


Berea
6 Mei 2018

Bwana Bertrand,

Hujambo, na Léocadie hajambo.

Walifika salama. Basi lilichelewa mpakani Beitbridge, lakini walifika. Gaëlle amekonda. Amerudi kwenye kiti chake kwa Victorine, na wateja wake wamerudi nyuma yake. Usiku wa kwanza aliniuliza kwa nini sikumwambia yeye walau, nikamjibu kwamba yeye ni mtoto wa mama yake. Hakulipenda jibu. Bado tunaongea kidogo kidogo, kama watu waliogombana na kuzoea.

Pazia nimelitoa.

Umeandika kwamba hutanisamehe upesi. Usiharakishe. Mimi pia sina haraka. Umeniita malaya kwenye mtaa nilikopata jina la ukwe, na barua niliyokuomba usiisome umeisoma mbele ya kikao. Ilileta heri, najua. Lakini hukuisoma ili ilete heri. Uliisoma ili iniue, na sitakushukuru kwa kukosa shabaha.

Nikuambie jambo moja, kwa kuwa uliniambia la meno. Pale Park Station, Gaëlle alimshusha Inès chini, akamwambia, "Nenda kwa papa." Mtoto akanitazama, akatazama watu waliokuwa nyuma yangu, akaanza kukutafuta. Nilipiga magoti nikamfungulia mikono, akajificha kwenye kitenge cha mama yake. Nyumbani Gaëlle alimwonyesha picha yako kwenye simu, umesimama mlangoni pa gereji na nyundo. Inès akaigusa kwa kidole. Neno hilo la papa analijua, Bertrand. Amejifunza vizuri. Ni kwamba amejifunzia kwako.

Amezoea sasa kukaa chumba kimoja na mimi. Chakula anapokea. Jana alinipa kiatu chake nimvalishe, kisha akakumbuka mimi ni nani, akakichukua.

Spana imefika. Nimeisafisha nikaitundika ukutani kwenye msumari. Boliti za kukaza nayo hazipo tena, zilikwenda na gari.

Mama mfikishie haya, kama yalivyo, bila kupunguza. Mwambie alilinda vizuri. Mwambie nimehesabu vyombo vyangu vyote, na hakuna hata kimoja kilichopotea.

Mengine usimsomee. Na safari hii nikisema usimsomee, usimsomee.

Placide